Uliza Tujibu: Siku 14 za likizo, bahari ya Maldives na mama aliyeko Uyole

Barua za safari hii zimetoka kwa wahudumu wa ndege wenye asili ya Mbeya, Iringa na Njombe, pamoja na wazazi wanaowasubiri. Tumejibu zile zinazoweza kumsaidia na mwingine.

Nizigawe vipi siku zangu?

*Shikamooni. Mimi ni mhudumu wa ndege, kituo changu cha kazi kiko nchi za Ghuba, kwetu ni Uyole. Nimepewa likizo ya siku 14. Wenzangu wawili wanakwenda Maldives na wanataka tuongozane. Sijawahi kukaa ufukweni bila sare wala simu ya kuamshwa. Mama naye hajaniona tangu mwaka juzi. Anauliza ni maji gani hayo ya kwenda kulipia wakati Ziwa Nyasa liko hapo chini. Nina tiketi za wafanyakazi, zile za kusubiri nafasi. Nifanyeje nisimuudhi mama, na nirudi kazini nimepumzika? – D., Uyole*

Marahaba, dada. Likizo ya mtu wa ndege hupangwa kuanzia mwisho. Andika siku ya 14 kwanza na uiache tupu: hiyo ni ya kulala kwenye kitanda chako cha kazini, kupiga pasi sare na kusoma ratiba ya zamu. Siku ya 13 nayo usiipangie jambo, ni akiba. Anayesafiri kwa kusubiri huingia baada ya waliolipa wote kupata viti, na kwenye orodha hiyo mwenye miaka mingi kazini kwa kawaida humtangulia mgeni. Ukikosa ndege ya usiku wa siku ya 12, bado unayo ya siku ya 13. Usipoweka akiba utajikuta unanunua tiketi ya bei kamili kaunta, siku ile ile, na hela yote uliyookoa imekwenda.

Kipande cha Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, hadi Dar kinunue mapema kwa bei ya kawaida. Usikiache kwenye kusubiri, na usikiunganishe na ndege ya nje kwa saa mbili au tatu. Ukungu wa Songwe unajulikana: ndege inayotoka Dar inaweza kuzunguka juu, ikakosa kuona njia na kurudi ilikotoka, nawe uliyekuwa unaisubiri chini ukabaki na begi lako. Acha angalau saa 8 kati ya kufika Dar na kuondoka. Mambo yakiharibika kabisa kuna basi, lakini Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na mlima wa Kitonga uko katikati. Lori moja likikwama kwenye kona zile foleni husimama. Hesabu saa 14, usihesabu 11. Treni ya TAZARA ni raha kwa mwenye siku za kutosha. Usiitegemee kukurudisha kazini.

Sasa toa siku za njia, utaona zilizobaki zinagawanyika vizuri. Siku ya 1 unaondoka kituoni na kulala kisiwani. Siku ya 6 unasafiri hadi Dar na kulala hapo. Siku ya 7 unapanda ndege ya Songwe, jioni uko Uyole. Siku ya 12 unaanza kurudi. Hapo umepata usiku 5 kisiwani na usiku 5 kwa mama, sawa kwa sawa.

Kisiwani uende kwanza, na sababu yake si starehe. Mtu anayetoka kwenye zamu za usiku hulala siku mbili tatu za mwanzo kama aliyezimwa. Hotelini hakuna anayekasirika. Nyumbani hodi zinaanza saa 12 asubuhi, mama mdogo amekuja na kuku, jirani ameleta maharage mabichi, na wewe uko kitandani. Deni la usingizi lilipie kwa wageni, ufike kwenu ukiwa na uso wa kuongea na watu. Na saa za huko zinakusaidia pia, kwa sababu Maldives iko mbele ya Tanzania kwa saa 2 tu. Wenzako wangekuwa wanakwenda Bangkok ingekuwa saa 4, na siku zako za mwanzo Uyole zingeliwa na kukosa usingizi.

Jambo linalowanasa wengi wa kazi yako ni hili: ukiwa zamuni unaingia nchi nyingi kwa orodha ya wafanyakazi wa ndege na kitambulisho, lakini ukiwa likizo wewe ni abiria kama abiria wengine. Maldives hutoa viza ya siku 30 bila malipo uwanjani kwa watu wa mataifa yote, ila wanataka pasipoti hai, mahali pa kulala palipolipiwa au kuwekwa nafasi, na tiketi ya kuondoka iliyothibitishwa. Tiketi ya kusubiri haijathibitishwa. Nunua ya kawaida inayorudishiwa fedha, hata ya shirika jingine, uionyeshe ikiulizwa. Fomu yao ya wasafiri hujazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari, hivyo usiijaze wiki nzima kabla. Na mkitaka bei nafuu, laleni kwenye visiwa wanakoishi wenyeji, kama Maafushi, badala ya visiwa vya hoteli moja. Hivyo ni visiwa vya Waislamu: pombe hakuna, na nguo za kuogelea huvaliwa kwenye kipande cha ufuko kilichotengwa.

Kuhusu mama. Mpe tarehe ya kufika na ya kuondoka kabla hujanunua chochote, zote mbili kwa mara moja. Kinachoumiza wazazi mara nyingi ni lile neno "nitakuja", ambalo halina siku. Halafu muombe asubuhi ya kwanza isiwe na wageni. Naye kuhusu Ziwa Nyasa anasema kweli. Chukua siku mbili katika zile tano umpeleke Matema, mkae kwenye mchanga chini ya Milima ya Livingstone, umnunulie mbasa wa kuchoma. Pengine naye hajawahi kukaa ufukweni bila kazi.

Ila usijidanganye kwamba wewe ni mwenyeji. Ziwa liko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, joto lipo, mbu wapo, na kinga ya malaria uliyokuwa nayo hupungua ukiishi miaka nje. Lala kwenye chandarua. Ukipewa dawa ya kinga, mwambie daktari kazi yako: mefloquine haishauriwi kwa wanaofanya kazi angani kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu, na doxycycline hufanya ngozi iungue haraka juani, jambo la kulijua kabla hujajianika Maldives. Kichocho nacho kipo ziwani. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia, penye matete na midomo ya mito, kwa hiyo ogeleeni kwenye mchanga ulio wazi unaopigwa na mawimbi, ingawa hata huko hatari haiishi kabisa. Usimeze praziquantel siku unayotoka majini ukadhani umemaliza. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, michanga huikosa. Kapime wiki 8 hadi 12 baadaye, uko kazini, na umwambie daktari ulioga Ziwa Nyasa, maana wa Ghuba hatafikiria kuuliza.

Binti analala mchana kutwa

*Binti yetu ni mhudumu wa ndege. Alikwenda mapumziko New York siku kumi, akaunganisha kuja kwetu Tukuyu mwezi wa kwanza. Usiku yuko macho anatembea sebuleni, asubuhi halali tu, anazama. Majirani wanauliza kama anaumwa. Nimuamshe au nimuache? – Mama wa watoto wanne, Tukuyu*

Shikamoo mama. Huko kwenu watu husalimiana "Ugonile", yaani umelala, na kwa binti yako hilo ni swali lenye uzito.

Mwezi wa kwanza Tanzania iko mbele ya New York kwa saa 8. Tukuyu ikiwa saa 4 usiku na nyumba imezima taa, mwili wake unasoma saa 8 mchana. Tukuyu ikiwa saa 2 asubuhi, ndani yake ni saa 6 usiku. Mwili husogea kwa kiasi cha saa moja kwa siku, na kuelekea mashariki huwa mgumu zaidi, kwa hiyo siku 6 hadi 8 za namna hiyo si ugonjwa wala uvivu.

Wengi wangekushauri umtoe nje mapema apigwe na jua. Kwa safari ya saa 8 kuelekea mashariki, siku za kwanza, ushauri huo hukosea. Mwanga unaompata mtu kabla ya kiini cha usiku wake wa ndani huirudisha saa ya mwili nyuma. Unaompata baada ya hapo huisogeza mbele. Kiini hicho kwa binti ni kama saa 11 alfajiri ya New York, ambayo kwenu ni saa 7 mchana. Basi siku ya kwanza muache alale na pazia limefungwa mpaka saa 6 mchana, umuamshe ale. Kuanzia saa 7 mchana mtume nje, akachume chai, aende sokoni, ashinde kwenye mwanga mpaka jioni. Kesho yake anza saa moja au mbili mapema zaidi, na hivyo hivyo kila siku. Baada ya siku tano utamkuta anaamka na jogoo.

Mchana mwingine asilale zaidi ya dakika 30, na asilale kabisa baada ya saa 9 alasiri. Kahawa na chai ya rangi aache saa 8 mchana, maana nusu ya kafeini ya kikombe bado imo mwilini saa tano hivi baadaye. Pombe ya kuleta usingizi imdanganye mwingine: huleta usingizi wa saa tatu, kisha macho.

Majirani waambie ukweli, kwamba kwake sasa hivi ni usiku.

Chai ile ile, ladha tatu

*Nabeba majani ya chai ya Rungwe kila niendako. Nikiwa likizo pwani chai inakuwa kali hadi chungu. Nyumbani Mbeya ni tamu. Ndani ya ndege ni maji ya rangi tu. Majani ni ya pakiti moja! – Mpenda chai, Mbeya mjini*

Swali zuri sana hili, na jibu lake ni mwinuko. Maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja hivi kila unapopanda mita 300. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, maji huchemka kwa nyuzi 94. Ndani ya ndege hewa hupunguzwa mgandamizo hadi kufanana na mlima wa mita 2,400 au chini yake kidogo, kwa hiyo huko hata maji yachemke namna gani hubaki kwenye nyuzi 92 au 93 hivi. Joto kubwa hutoa ukali haraka. Ukitumia pwani kipimo na muda wa Mbeya, umezidisha.

Kwa kikombe cha mililita 200 tumia gramu 2 hadi 2.5 za majani, kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Pwani yaache dakika 3 uchuje. Mbeya dakika 5, na birika lifunikwe, maana hewa ya baridi hula joto haraka kuliko unavyofikiri. Ndani ya ndege dakika 6, kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Hata hivyo haitakuwa ile ya nyumbani: hewa ya kabini ni kavu sana, unyevu wake huwa chini ya asilimia 20, na ukavu huo pamoja na mngurumo wa injini hupunguza uwezo wa ulimi kusikia sukari na chumvi. Abiria anayeomba sukari ya tatu hana ulafi.

Kwa sababu ya mwinuko huo huo maharage ya Mbeya huhitaji kulowekwa usiku kucha, na chupa ya losheni uliyoifunga Dar huvimba na kuvuja ndani ya begi. Ukiifunga kwenu Mbeya, hewa iliyomo tayari ni nyepesi, hivyo huvuja kidogo, ila utaikuta imebonyea ukitua pwani.

Mafua na siku ya kurudi

*Nina mafua, keshokutwa naanza kazi. Nikishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela sikio linauma. Nipande ndege? – K., Kyela*

Usipande ukiwa hivyo. Barabara hiyo imekupima bila malipo: ukishuka mlima ule kwa gari na sikio halifunguki, ndege inayoshuka itaumiza zaidi, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Ziba pua, funga mdomo, sukuma pumzi polepole kama unayepenga kamasi. Masikio yote mawili yakitoa mlio mdogo, njia iko wazi. Lisipotoa, piga simu kazini leo, usingoje kesho, na upate cheti cha daktari. Dawa ya kupulizia puani hutumika nusu saa kabla ya kushuka, tena kwa siku zisizozidi 3 hadi 5, kwani ukiendelea pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Na haitumiki kulazimisha zamu.

Nibebe nini kutoka nyumbani?

*Kituo changu kiko Ulaya. Nimekuja likizo Mafinga. Nataka kurudi na parachichi, jibini, mchele wa Kyela, usipa, asali, na ulanzi lita mbili kwa rafiki zangu wa nyumba moja. Nini kitapita? – Kijana wa Mufindi*

Kamwene! Tuanze na kitakachokufanya utupe nguo zako. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi mchanga, na unapodondoka kwenye chombo tayari umeanza kuchacha. Hauachi kuchacha kwa sababu umeufungia kwenye chupa. Gesi inaendelea kutoka, chupa inakuwa ngumu kama jiwe, na ndani ya ndege mgandamizo wa nje unapungua. Ndiyo maana wauzaji wa barabarani huacha kifuniko kikiwa kimelegea. Ukikaza unapasuka, ukilegeza unamwagika juu ya mchele. Hakuna njia ya tatu. Unywe huku huku msimu wa mvua ukiwa bado haujaisha, rafiki zako waje wenyewe.

Jibini la Njombe halipiti: nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kuingiza nyama wala maziwa ya aina yoyote kutoka kwetu, hata kipande cha sandwichi. Parachichi linataka cheti cha afya ya mimea. Matunda yasiyotaka cheti hicho ni machache: nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2, ila mkononi inahesabiwa kama kimiminika, mwisho mililita 100 kwa chupa, hivyo iweke kwenye begi la kupakia. Usipa mkavu unapita. Kiwango cha samaki kwa matumizi binafsi ni hadi kilo 20. Kausha tena juani siku moja kabla ya kufunga, funga kwa karatasi, kisha kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana, la sivyo harufu itakutambulisha kwa abiria wote wa mkanda wa mizigo. Mchele uwe uliokobolewa na kupepetwa vizuri. Ukiwa na friza, uache humo siku 4 kabla ya safari kuua mayai ya fukusi, uutoe na kuuacha ufikie joto la chumba ukiwa bado umefungwa, usije ukapata unyevu. Chai kavu ya pakiti haina shida.

Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019. Kile kifuko cha zipu cha vipodozi unaruhusiwa kuwa nacho, mradi utoke nacho.

Kitulo kutaniletea kizunguzungu?

*Nataka kumalizia likizo Kitulo. Nasikia ni juu sana. – S., Iringa*

Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, juu kidogo tu ya mwinuko ambao mwili wako umeuzoea kabini kila siku ya kazi. Tofauti ni kwamba huku utatembea na kupanda, kwa hiyo siku ya kwanza nenda taratibu na unywe maji. Maua, zikiwemo okidi aina zaidi ya 40, huonekana zaidi Novemba hadi Aprili. Miezi hiyo ndiyo ya mvua na tope, kwa hiyo tafuta gari lenye nguvu magurudumu yote manne na dereva anayeijua njia. Juni na Julai njia ni kavu, maua ni machache, na alfajiri majani huwa meupe kwa jalidi. Koti la sare halitoshi. Chukua sweta mbili, kofia ya sufu na soksi za akiba, kwa sababu umande wa huko huloweka viatu kabla ya saa 3 asubuhi.